Hupendi Kupika? Bado Unaweza Kula Vizuri

Ni saa moja jioni. Umevuka Likoni ukiwa umesimama, au umekwama kwenye msongamano wa Changamwe kwa karibu saa nzima. Ukishuka kwenye matatu, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni harufu ya chipsi. Nyumbani kuna sufuria safi ambayo haijaguswa tangu Jumapili. Unanunua chipsi na soda, unakula, unalala. Kesho jioni ni vile vile.

Wakazi wengi wa Kaunti ya Mombasa wanaishi hivi, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Sipendi kupika na sijawahi kupenda. Mambo yalibadilika siku mhamasishaji wa afya ya jamii alipopita kwenye ploti tunayoishi akiwa na mashine ya kupima presha. Kipimo changu kilikuwa juu kuliko nilivyotarajia kwa mtu ambaye bado hajafika miaka 40. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Jana usiku ulikula nini?" Nikamjibu. "Na juzi?" Jibu likawa lile lile. Nilipofika siku ya nne nilikuwa nimeshaelewa anachotaka kunionyesha.

Makala haya hayakusudii kukufundisha upishi. Ni ya mkazi anayefanya kazi ya zamu bandarini, mwanafunzi anayeishi chumba kimoja, mwendesha bodaboda, mjane aliyezoea kupikia watu wanane na sasa anakula peke yake, na yeyote anayeona jikoni kama adhabu.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi hawali mboga na matunda ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa lugha ya sokoni, hiyo ni kama viganja vitano kwa siku nzima.

Presha haina kelele. Mtu anaweza kuishi nayo kwa miaka bila maumivu yoyote, kisha akapatwa na kiharusi au figo zikaharibika. Kisukari nacho kinaweza kuanza taratibu bila dalili za wazi. Magonjwa haya hayaletwi na chakula peke yake, lakini chumvi, mafuta na sukari tunazozila kila siku zina mchango mkubwa, na ni jambo ambalo mtu anaweza kulibadilisha bila kusubiri daktari.

Kanuni moja tu: igawe sahani

Huna haja ya kuhesabu kalori. Chukua sahani ya kawaida na uigawe kwa macho. Nusu iwe mboga au matunda. Robo iwe chakula cha kujenga mwili: pojo, maharagwe, kunde, mbaazi, dagaa, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, chapati, mhogo au kiazi.

Tazama sasa sahani tuliyoizoea: wali umejaa robo tatu, mchuzi umemwagwa juu, na mboga ni kijiko kimoja pembeni. Vyakula ni vile vile. Kilichokosewa ni kipimo.

Milo sita isiyokusumbua

Kila mlo hapa unahitaji sufuria moja au hauhitaji moto kabisa.

1. Viazi vitamu na mayai. Osha viazi vitamu, vikate vipande vikubwa, uvichemshe. Baada ya dakika kumi, tia mayai mawili yaliyooshwa katika sufuria hiyo hiyo na uache dakika kumi zaidi. Kata nyanya, kitunguu na tango, kamulia ndimu. Chakula kiko tayari, na wakati sufuria iko jikoni unaweza kuoga.

2. Pojo na mchicha. Pojo, ambazo wenzetu wa bara huziita ndengu, huiva haraka kuliko maharagwe. Ziloweke asubuhi unapotoka kazini, na jioni zitaiva kwa takriban nusu saa. Zikishaiva, tia nyanya, kitunguu, kitunguu saumu na fungu la mchicha uliooshwa na kukatwa. Funika dakika tano. Ukitaka nazi, tumia tui jepesi, kwa kuwa tui zito lina mafuta mengi.

3. Dagaa wa nyanya. Osha dagaa kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu kuondoa mchanga na chumvi. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya, kisha dagaa, na mwisho ukamulie ndimu. Dagaa huliwa na mifupa yake, ndiyo maana wana madini mengi ya kalsiamu, na wakiwa wakavu hukaa muda mrefu bila friji.

4. Parachichi na maharagwe. Ponda parachichi bivu, changanya na maharagwe yaliyokwisha kuiva, kitunguu, nyanya na ndimu. Kula na chapati au mkate wa unga usiokobolewa. Hakuna moto hapa.

5. Uji wa wimbi wenye uzito. Uji si wa watoto na wagonjwa tu. Pika uji wa wimbi, tia karanga zilizosagwa na ndizi mbivu iliyopondwa badala ya sukari. Ni chakula cha jioni kamili kwa mtu aliyechoka.

6. Maziwa lala na matunda. Kata papai, embe au ndizi ndani ya bakuli, mwagia maziwa lala yasiyotiwa sukari, nyunyizia karanga. Mlo huu unafaa asubuhi, na unakuchukua muda mfupi kuliko kusubiri mahamri kwenye foleni.

Watumie waliokwisha kufanya kazi

Mtu asiyependa kupika mara nyingi huchukia maandalizi zaidi kuliko moto wenyewe: kuchambua, kumenya, kukata. Katika mitaa yetu kuna watu wanaofanya kazi hiyo kwa riziki. Mama mboga atakukatia sukuma wiki au kabichi ukimwomba. Mwambie tu aioshe kabla ya kuikata. Kuna pia wanaouza maharagwe, kunde na githeri zilizokwisha kuchemshwa. Nunua zikiwa moto, na ukifika nyumbani zichemshe tena hadi zitokote kabla ya kuongeza nyanya na mboga.

Ukienda Kongowea au Marikiti mara moja kwa wiki, nunua vitu visivyoharibika upesi: pojo, mbaazi, dagaa, karanga, viazi vitamu, vitunguu, kabichi, ndimu. Mboga laini kama mchicha nunua siku unayopika. Ukiwa na vitu hivi nyumbani, hutalazimika kuamua la kula wakati njaa imekushika, na huo ndio wakati tunaoamua vibaya.

Ukinunua chakula cha barabarani

Si lazima uache kabisa chakula cha nje. Mombasa ina vyakula vya barabarani ambavyo ni afadhali kuliko vingine, na kazi yako ni kuchagua.

Mbaazi za nazi ni chakula kizuri. Kula mbaazi nyingi na hamri moja badala ya hamri nne na mbaazi kidogo. Mhogo wa kuchoma una mafuta machache kuliko mhogo wa kukaanga. Mishikaki miwili na kachumbari nyingi ni bora kuliko mishikaki miwili juu ya sahani ya chipsi. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi ni bora kuliko aliyezama kwenye mafuta meusi yaliyotumika siku nzima. Ukikosa vyote hivyo na lazima iwe chipsi, nunua nusu na uongeze tunda.

Kinywaji nacho kihesabu. Chupa ya soda ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari ya karibu vijiko vinane vidogo. Maji, madafu, au maji yenye vipande vya ndimu yatakata kiu bila mzigo huo. Na chai, hasa ya rangi, ni vyema uinywe kama saa moja baada ya kula, kwa kuwa inapunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde, maharagwe na mboga. Ndimu na chungwa hufanya kinyume chake: huusaidia mwili kuyafyonza.

Chumvi isiyoonekana

Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Wengi wetu hudhani tuko salama kwa sababu hatuongezi chumvi mezani. Lakini chumvi imo ndani ya viungo vya pakiti, vipande vya supu, soseji, krispu, chevda na samaki wa ng'onda. Ukitumia viungo vya pakiti, usitie chumvi nyingine. Pwani hatuna sababu ya kutegemea pakiti: tangawizi, kitunguu saumu, bizari, dania, pilipili na ndimu vinapatikana kila soko.

Usalama kwanza

Kupika kidogo hakumaanishi kupika ovyo. Zingatia mambo haya.

Maharagwe mekundu yana sumu ya asili yakiwa mabichi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya, na yatokote kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi kabla ya kupunguza moto. Usile yakiwa magumu.

Mhogo usiliwe mbichi. Umenye, uuchemshe hadi ulainike kabisa, na umwage maji. Mhogo mchungu una sumu zaidi na unahitaji matayarisho maalumu, kwa hiyo ukionja uchungu, uache.

Joto letu la Pwani huharibu chakula upesi. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya muda wa saa mbili, na siku za joto kali, hasa Februari na Machi, kisizidi saa moja. Wali hasa ni hatari, kwa kuwa sumu inayotengenezwa na bakteria ndani yake haiondolewi na kupasha moto. Mwenye friji anaweza kupika pojo au mbaazi Jumapili na kula hadi Jumatano. Asiye na friji apike kinachomtosha mara moja, na ategemee dagaa wakavu, mayai, karanga na matunda kwa siku zenye haraka.

Anza na siku mbili

Usijiwekee ahadi ya kupika kila siku, maana utaivunja kabla ya Ijumaa. Chagua siku mbili wiki hii. Jumatatu iwe viazi vitamu na mayai, Alhamisi iwe pojo na mchicha. Siku nyingine nunua, lakini igawe sahani. Wiki ya tatu ongeza siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kama una kisukari, presha, ugonjwa wa figo, au una ujauzito, usibadilishe mlo wako kwa makala haya pekee. Muulize mtaalamu wa lishe au mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, na usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu umeanza kula vizuri.

Na kama una zaidi ya miaka 18 na hujui presha yako ni ngapi, anzia hapo. Mashine za kupimia presha na sukari ni sehemu ya mkoba ambao wahamasishaji wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mwaka wa 2023. Mhamasishaji wa mtaa wako akibisha hodi, mfungulie mlango. Kipimo huchukua dakika chache tu.

Mimi bado sipendi kupika. Lakini sufuria yangu sasa hutumika siku tatu kwa wiki, na mara ya mwisho yule mhamasishaji alipopita, kipimo kilikuwa kimeshuka. Aliniuliza tena nilikula nini jana usiku. Safari hii nilijibu bila kuona haya: pojo.