Motokari ya deni: hesabu kwanza, usukani baadaye



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia, mabotini, vumbi na moshi wa baruti. Safari hii tunasema juu ya deni. Mtu asishangae. Deni la motokari linaingia chimboni pamoja na mwenyewe: analala nalo, anaamka nalo, anashika mashine huku akili yake ikihesabu tarehe ya kulipa. Na motokari yenyewe, ikiwa ilinunuliwa na feza isiyotosha, ndiyo hiyo inayoteremka mlima ikiwa na freni zilizokwisha.

Wengi wetu tuna jamaa Butembo na Beni. Tukienda likizo tunaona wenzetu wenye magari, tunarudi kazini na wazo moja tu kichwani. Wazo si baya. Lakini tulipime.

Bei ni ipi?

Motokari nyingi zinazotembea Butembo zilitumika kwanza Japani. Zikapanda meli mpaka Mombasa, zikapita Kampala na Kasese, zikavuka mpaka pale Mpondwe na kuingia Kasindi. Toka bandarini mpaka Kasindi ni zaidi ya kilometa 1,500. Halafu kuna kilometa karibu 80 mpaka Beni, na 54 nyingine mpaka Butembo. Katika safari hiyo yote kuna mikono inayonyooshwa.

Mchuuzi anakuambia: «Kaka, gari hii ni dola 4,000 tu.» Muulize: 4,000 ikiwa wapi? Ikiwa bado Japani? Ikiwa Mombasa? Kampala? Ama ikiwa hapa Butembo, na plaki ya Kongo na karatasi zote mkononi? Hizo ni bei nne tofauti, na wengi wamelia kwa sababu hawakuuliza.

Watu wa forodha, yaani DGDA, wanahesabu ushuru juu ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima ya safari. Kisha TVA ya 16 kwa mia, iliyoanza katika nchi yetu mwaka 2012, inahesabiwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru. Ni kodi juu ya kodi. Baadaye inakuja plaki, kalata roze, kontroli tekniki, vinyeti ya kila mwaka, na bima ambayo sheria inalazimisha kwa kila gari, ili ukimgonga mtu apate kulipwa. Serikali ina pia masharti juu ya umri wa magari ya okazyo na juu ya upande wa usukani. Ulizia masharti hayo katika ofisi ya DGDA yenyewe, usiulizie kwa mchuuzi, tena uulize kabla ya kutoa arabuni.

Tuseme basi kwamba gari ile ya 4,000 imefika mlangoni mwako kwa 6,000. Hesabu zetu zote hapa chini ni za mfano. Kila mtu aweke zake.

Feza itatoka wapi?

Njia ya kwanza ni likelemba. Watu 12 wa ekipi moja wanatoa dola 100 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 1,200. Haina riba, haiombi karatasi, na aibu ya kuangusha wenzako ni dhamana yenye nguvu. Kwa pikipiki inatosha. Kwa motokari ni ndogo, lakini inafaa kwa kutengeneza feza ya kuanzia. Ubaya wake ni zamu: anayepokea wa mwisho ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi. Kama mmoja ameacha kazi mwezi wa saba, wale ambao hawajapokea bado ndio watakaokosa.

Njia ya pili ni koperativa ya akiba na mikopo, ile tunayoita COOPEC. Nchi yetu ina sheria juu yake tangu mwezi wa 2 mwaka 2002, na Benki Kuu ndiyo inayotoa ruhusa ya kufanya kazi. Kabla ya kuweka hata franka moja, omba kuonyeshwa ruhusa hiyo. Ukiambiwa «karatasi iko njiani», hata wewe shika njia. Wazee wanakumbuka mwaka 1991, wakati Bindo Promotion kule Kinshasa ilipowaahidi watu kuzidisha feza yao mara nyingi kwa muda mfupi. Wengine waliuza vitu vya nyumba ili kupeleka. Waliobaki na hasara hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka.

Njia ya tatu ni benki. Hapo kuna swali moja ambalo wafanyakazi hawaulizi, nalo linazidi maswali mengine yote: riba inahesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, ama juu ya deni linalobaki?

Tuone. Una dola 2,000 zako, unakopa 4,000 kwa miezi 24, riba 2 kwa mia kila mwezi. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki, utalipa karibu dola 211 kwa mwezi, jumla 5,076. Ikiwa inahesabiwa juu ya zile 4,000 mpaka mwisho, hata ukiwa umekwisha kulipa nusu, utalipa karibu 247 kwa mwezi, jumla 5,920. Mdomoni ni «2 kwa mia» zote mbili. Mfukoni zinatofautiana dola 844, na hiyo ni mipira minne na kutengeneza freni, tena inabaki. Kwa hiyo usiulize riba tu. Sema: «Mkubwa, nionyeshe karatasi yenye kila mwezi na kila malipo, na chini kabisa jumla yote.» Ulizia pia feza ya kufungua dosiye, na kama wataomba karatasi za paseli kuwa rehani. Wakiomba, usiweke sahihi siku hiyo. Rudi nyumbani kwanza mkae na mama. Paseli ni nyumba ya watoto, na asiyeulizwa leo ndiye atakayefukuzwa kesho.

Njia ya nne watu wanaiita Banque Lambert, ijapokuwa haina mlango wala dirisha. Ni yule jirani anayekupa 100 leo na mwisho wa mwezi anataka 150. Mtu anaiendea siku gari imekufa na tarehe ya benki imefika. Akishindwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili ni 225, wa tatu 337, wa nne 506. Kwa dola 100! Sisi hatuna ushauri juu ya namna ya kuitumia vizuri.

Mshahara wa franka, deni la dola

Mikopo mingi inaandikwa kwa dola. Ikiwa mshahara wako unahesabiwa kwa franka, deni linaweza kukua hata kama hukukopa tena. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa mwaka 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mtu aliyekuwa na malipo ya dola 150 kila mwezi alianza na franka 139,500 akafika 240,000. Mkubwa wake wa kazi hakumwongezea kwa kipimo hicho. Kopa kwa feza ileile unayolipwa, ama acha nafasi kubwa kati ya malipo na mfuko wako.

«Gari itajilipa yenyewe»

Hili ndilo neno tunalolisikia zaidi. Mfanyakazi yuko chimboni, gari ataipa mdogo wake ifanye taksi kati ya Butembo na Beni, na kila jioni dogo ataleta verso.

Mshahara, tuseme, ni dola 500. Chakula 180, masomo ya watoto 70, nyumba na umeme 60, dawa 30, wazazi na matanga 40. Imebaki 120. Benki inataka 211. Kwa hiyo gari inapaswa kuleta 91 kila mwezi, safi.

Verso ni dola 10 kwa siku. Kwenye karatasi, siku 26 ni 260, na mtu anaona ametajirika. Lakini kuna siku za garaji, siku za mvua, siku ambazo mji umefungwa kwa sababu ya machafuko, siku dogo aliugua ama alisema aliugua. Tuhesabu siku 18 nzuri: 180. Toa 50 ya mafuta ya mota, filtre na fundi. Toa 40 ya kuweka kando kwa ajili ya mipira, vinyeti na bima. Imebaki 90. Tulihitaji 91. Na bado hakuna ajali hata ndogo, wala mtoto aliyelazwa.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia katika ukurasa wa usalama. Mwenye hesabu kama hiyo hatapunguza malipo ya benki, kwa sababu benki ina karatasi. Atapunguza fundi. Butembo ni mji wa milima, na njia ya kwenda Beni inateremka sana. Freni za kule zinachoka mbele ya zile za mji wa tambarare. Shoferi anayedaiwa verso atabeba watu watano nyuma, ataendesha usiku, atazima mota mteremkoni ili kuokoa esanse, naye akizima mota freni zinakuwa ngumu kama jiwe. Vijana wa pikipiki wanaofanya kazi ili chombo kiwe chao mwisho wa mwaka wako katika hali hiyohiyo. Ukimwona mmoja amebeba abiria watatu saa tatu za usiku, jua kwamba nyuma yake amekaa abiria wa nne, naye ni deni.

Kuna pia mambo ambayo hakuna mtu anayeyaweka katika hesabu. Ebola ilitangazwa katika sehemu ya Beni tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikatangazwa kwisha mwezi wa 6 mwaka 2020. Ni karibu miezi 23, muda uleule wa mkopo wetu. Mwaka 2021 magari ya msafara yalichomwa na waasi katika njia ya Komanda na Luna, kaskazini ya Beni. Gari ikiungua, deni haliungui. Bima ile ya lazima inalipa uliyemgonga, hailipi gari yako. Na hata bima kubwa zaidi inaweza kukataa mambo ya vita. Usome ama usomewe maneno hayo kabla ya kulipa.

Kujipima miezi sita

Mbele ya kwenda benki, fanya kana kwamba umekwisha kukopa. Kila siku ya mshahara weka 211 kando, katika akaunti ambayo huigusi. Fanya hivyo miezi sita, pamoja na mwezi wa 9 wakati shule zinafungua. Kama umemaliza bila kuifungua, una dola 1,266 na jibu zuri. Kama uliifungua mwezi wa tatu, una jibu pia, na halikukugharimu paseli.

Yule wa mfano wetu, mwenye 120 zinazobaki, angeweka hizo 120 kwa miezi 17 angepata 2,000 nyingine. Hapo angekopa 2,000 tu badala ya 4,000, na malipo yangekuwa karibu 106 kwa mwezi. Mshahara wenyewe unatosha, na kile taksi inacholeta kinaenda kwa fundi. Miezi 17 ni mirefu, tunajua. Jirani atanunua mbele yako, na mama mkwe atauliza.

Siku ya kununua

Nenda na fundi wako, si fundi wa mwuzaji. Angalia freni, mipira (hata ule wa akiba), na namba ya shasi kama inafanana na karatasi. Mwishoni angalia upande wa usukani. Gari za Japani zina usukani kuume, kwa sababu kule, kama Uganda na Kenya, watu wanatembea kushoto. Sisi tunatembea kuume. Shoferi wa gari kama hiyo akiwa nyuma ya lori haoni mbele mpaka ametoa karibu gari nzima katikati ya njia. Asipite lori isipokuwa ana mtu wa kumwangalizia kushoto, tena mtu mzima. Na ikiwa ni basi dogo la abiria, mlango wake wa kusukuma uko kushoto: huku kwetu unafunguka upande magari yanakopita. Mama anayeshuka na mtoto mgongoni anakanyaga katikati ya barabara. Shoferi atoe gari nje kabisa ya lami, konvoyeri ashuke wa kwanza na kusimama nyuma ya mlango, ndipo watu washuke.