Chema Kisichoonekana Hakijiuzi

Mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, kamati ya msikiti wetu iliamua kununua madawati 30 kwa ajili ya madrasa. Watoto walikuwa wakisomea mkekani, na wazazi walikwishachanga. Utaratibu wetu unataka bei za mafundi watatu zilinganishwe kabla fedha ya waumini haijatoka, na kazi ya kuwatafuta mafundi hao ikaniangukia mimi, katibu.

Nilifanya kama wafanyavyo wanunuzi wengi wa siku hizi. Niliuliza watu wawili watatu, kisha nikafungua simu na kuingia LinkedIn, mtandao ambao watu hujitambulisha kwa kazi zao. Nikaandika maneno mawili tu: madawati, Dar es Salaam. Karakana mbili nilizipata huko, na ya tatu nikaelekezwa na mwalimu mmoja. Bei zikaletwa, kamati ikakaa, mkataba ukatiwa saini.

Siku madawati yaliposhushwa uani, mzee mmoja anayeswali safu ya pili, hatua chache tu kutoka mahali ninaposwali mimi, alisimama akayatazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa dawati moja, kama mtu apimaye makali ya randa. Kisha akaniambia kwa upole, "Ustadhi, mimi nimetengeneza madawati pale Keko kwa miaka zaidi ya 20. Mbona hamkuniambia?"

Sikuwa na jibu ila ukweli: sikujua. Nilimfahamu kuwa ni seremala, lakini nilidhani kazi yake ni vitanda na makabati ya maharusi. Mkataba ulikwishasainiwa, na amana ya watu haifunguliwi upya kwa sababu ya ujirani. Niliumia zaidi nilipoelewa kwamba karakanani kwake walikuwapo vijana sita, na mwezi ule wawili kati yao alikwisharudisha nyumbani kwa kukosa kazi.

Usiku ule nikamtafuta LinkedIn. Kumbe naye alikuwamo! Binti yake alimfungulia ukurasa tangu zamani. Chini ya jina lake palikuwa na maneno mawili: Mkurugenzi Mtendaji. Hapakuwa na neno dawati, wala mbao, wala Keko. Nilitafuta fundi wa madawati, na yeye alikuwa amejificha nyuma ya cheo.

Methali tuliyoielewa nusu

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini methali hiyo ilizaliwa sokoni, mahali ambapo chema na kibaya vilipangwa kando kwa kando, na mnunuzi akavishika kwa mkono wake. Leo mnunuzi wa shule, hoteli au hospitali hapiti Keko. Yumo ofisini, mezani mwake kuna fomu ya kujaza, na soko lake la kwanza ni kioo cha simu. Chema asichokiona hakiwezi kujiuza kwake. Asiyekujua hakuthamini.

LinkedIn ilifunguliwa kwa umma Mei 2003 nchini Marekani, na Reid Hoffman akiwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 26, na leo ina wanachama zaidi ya bilioni moja. Kinachoitofautisha na mitandao mingine ni kwamba watu humo hujulikana kwa kazi, cheo na mahali walipo, kwa hiyo muuzaji anaweza kumwona ofisa ununuzi, na ofisa huyo anaweza kumwona muuzaji. Anayeuza vitumbua au madira ya rejareja pengine atafaidika zaidi na WhatsApp au Instagram. Lakini mwenye karakana, kampuni ya usafi, mpishi wa shughuli za maofisi, mshonaji wa sare au mhasibu wa kujitegemea, mteja wake mkubwa ni taasisi, na taasisi zimo humo.

Tulivyoanza upya

Jumamosi moja baada ya Alasiri nilikaa na mzee karakanani, binti yake akiwa ameshika simu. Tulianza na mstari ulio chini ya jina. Watu wengi huuacha, na mtandao huujaza wenyewe kwa cheo cha mhusika. Nao ndio mstari unaofuatana na jina lako popote: katika matokeo ya utafutaji, katika maoni, katika mwaliko unaomtumia mtu. Umepewa herufi 220, nafasi zikiwemo. Tulifuta Mkurugenzi Mtendaji, tukaandika: "Tunatengeneza madawati, meza na makabati ya mbao ngumu kwa shule, madrasa na ofisi. Keko, Dar es Salaam." Kwa kuwa maofisa wengi hutafuta kwa Kiingereza, binti akaongeza maneno makuu kwa lugha hiyo pia.

Mzee alisita. "Ustadhi, sasa nitaonekana fundi tu." Nikamwambia kuwa mimi nilikuwa nikimtafuta fundi, na wakurugenzi niliwapita mamia.

Kisha tukaingia sehemu ya maelezo, yenye nafasi ya herufi 2,600. Msomaji huonyeshwa mistari michache ya mwanzo tu, na hayo mengine huyaona akibonyeza kuendelea. Kwa hiyo hatukuanza na historia ya karakana wala maneno kama ubora, ubunifu na weledi, ambayo kila mmoja huyatumia na hayamtofautishi yeyote. Tulianza na yale ambayo mimi mwenyewe, nilipokuwa mnunuzi, nilitamani kuyajua. Dawati moja huchukua siku ngapi? Mbao ni mninga, mkongo au ni nyingine? Mguu ukilegea baada ya miezi mitatu, nani atakuja? Je, fundi ana TIN na leseni ya biashara, anaweza kutoa ankara ya awali, ile tunayoiita profoma, na risiti ya EFD? Taasisi hununua kwa karatasi. Fundi hodari asiye na karatasi humweka ofisa ununuzi mahali pagumu mbele ya wakaguzi, na ofisa huyo, hata kama ameipenda kazi, atamwendea mwingine.

Ushuhuda na anayeushuhudia

Sisi tuliopitia elimu ya Hadithi tulifunzwa kutoitazama matini peke yake, bali pia isnadi: nani amesimulia, amepokea kwa nani, na je, ni mkweli mwenye kuhifadhi? Nimeona kuwa mnunuzi makini hufanya jambo linalofanana na hilo. Sifa unazojipa mwenyewe huzisoma kwa haraka, lakini hutulia anapofika kwenye neno la mtu mwingine.

LinkedIn ina namna mbili za kusifiwa. Moja ni ya kubonyeza tu kwamba fulani anaweza jambo fulani, na hiyo huchukua sekunde moja, hivyo uzito wake ni mdogo. Nyingine ni ushuhuda ulioandikwa na mtu uliyeunganishwa naye, ukiwa na jina lake na kazi yake. Unaweza kuuomba, nao hauonekani mpaka uuridhie. Mzee alimkumbuka mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kumtengenezea madawati. Tulimwomba aeleze mambo matatu: alihitaji nini, alipata nini, na hali ya madawati hayo leo ikoje. Aliandika mistari minne, akataja hata kwamba kazi ilichelewa kwa siku mbili na kwamba fundi alimpigia simu kabla ya siku ya ahadi kumweleza. Binti alitaka sentensi hiyo iondolewe. Mzee akakataa, akisema kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nami naamini sentensi hiyo ina nguvu kuliko sifa zote zilizoizunguka.

Hapa ndipo majaribu yalipo. Wapo wanaonunua wafuasi, wanaookota picha za samani za nchi nyingine na kuziita zao, wanaoorodhesha wateja ambao hawajapata kuwahudumia. Muislamu amefunzwa kumwonyesha mnunuzi kasoro ya bidhaa kabla ya kupokea fedha. Atahalalishaje kuonyesha bidhaa isiyo yake? Na hata kwa hesabu ya dunia tu, mteja wa taasisi hutembelea karakana kabla ya kulipa.

Kufundisha kabla ya kuuza

Baada ya ukurasa kukaa sawa, tulikubaliana kuandika mara moja kwa wiki, si zaidi. Andiko la kwanza halikuuza kitu. Mzee alieleza kwa nini dawati hupinda: mbao iliyotumika ikiwa mbichi huendelea kukauka, husinyaa na kujikunja, na viungo vikaachia. Binti akaipiga picha mikono yake ikishika vipande viwili, kimoja kilichonyooka na kimoja kilichopinda. Anayenunua madawati kwa fedha ya wazazi akisoma hayo hujifunza swali la kumuuliza fundi yeyote, na humkumbuka aliyemfundisha.

Mwaliko wa kuunganishwa nao una adabu yake. Ni kama kubisha hodi. Andika mistari miwili: wewe ni nani, na kwa nini umemwendea yeye. Usimwage orodha ya bei mlangoni. Na ukitumia picha ya kazi iliyo ndani ya jengo la mteja, omba ruhusa kwanza.

Baadhi ya akina mama wenye biashara wameniuliza kama ni lazima waweke sura zao. Si lazima. Wasifu hufunguka bila picha, ingawa wengi humwamini haraka zaidi wanayemwona. Aliyeridhia anaweza kuweka picha ya heshima akiwa na hijabu yake. Asiyeridhia anaweza kufungua ukurasa wa biashara wenye nembo, na kuiacha kazi ya mikono yake ionekane katika picha pana ya juu. Hilo ni jambo la kushauriana nyumbani, na nyumba hazifanani.

Miezi ilipita bila simu. Mzee hakulalamika, ila binti alianza kuhesabu waliopenda maandiko na kukata tamaa. Nilimkumbusha kuwa wanaopenda si wateja, na kwamba mnunuzi wa taasisi husoma kimya kimya mpaka siku bajeti itakapopita. Mwezi wa Shawwal shule moja ya Kibaha ikapiga. Hawakumpa kazi siku hiyo. Walitaka alete dawati moja la mfano. Amelipeleka, limo darasani, watoto wanalikalia, na jibu bado linasubiriwa.

Nasi kamati tunakusudia, Insha Allah, kutengeneza rafu za maktaba ya madrasa. Nimemwambia mzee alete bei yake pamoja na wenzake wawili, na ishindane kwa haki. Hakuna upendeleo niwezao kumpa. Ila safari hii sitaweza kusema kwamba sikujua.