Buibui wa Samawati na Mti Wake Mzee

Ndugu msomaji, unapomwona buibui nyumbani, bila shaka mkono wako hutafuta ufagio. Leo nakuomba uuweke chini kwa muda, tumtazame buibui mmoja wa nchi ya India ambaye rangi yake ni ya samawati yenye kung'aa mithili ya chuma. Akinyoosha miguu, upana wake huweza kufika sentimita 15 na zaidi.

Mwanasayansi wa Kiingereza, Reginald Innes Pocock, ndiye aliyemweleza kwanza kitaalamu mwaka 1899, akampa jina la Poecilotheria metallica. Buibui huyo alikuwa ameokotwa penye magogo ya reli mjini Gooty, kusini mwa India. Baada ya hapo ilipita miaka mia moja na zaidi wataalamu wasimwone tena porini, hata mwaka 2001 alipokutwa katika msitu ulio kati ya Nandyal na Giddalur, jimbo la Andhra Pradesh. Ndipo wataalamu walipoona kuwa yule wa Gooty yamkini aliletwa na gari moshi, akiwa amejificha ndani ya magogo. Tazama ajabu hii: huenda tulimjua kwa sababu mti wake ulikatwa!

Makao yake ni matundu ya miti mirefu iliyozeeka. Humo hufuma utando wake, na usiku huvizia wadudu. Mkata kuni akiuona mti wenye tundu husema haufai kwa mbao, basi na uwe kuni. Kumbe tundu lile ni nyumba ya mwenziwe. Msitu anamoishi hauzidi kilomita 100 za mraba, nao umekuwa ukipungua kwa kukatwa miti. Ndiyo sababu Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile umemweka katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Uzuri wake nao umemponza. Watu wa nchi za mbali humtaka ili wamfuge katika visanduku vya kioo. Tangu mwaka 2019, biashara ya kimataifa ya jamii yake yote inasimamiwa na mkataba wa CITES. Lakini mkataba wa biashara haurudishi mti uliokwisha kuanguka.

Wala tusiwalaumu ovyo wanavijiji wanaotafuta kuni, maana chungu hakichemki kwa maneno. Anayetaka kuunusuru msitu hana budi kufikiri pia juu ya moto wa jikoni mwa jirani wa msitu huo.

Ndugu msomaji, mche unaweza kupandwa leo asubuhi, lakini tundu la mti mzee huhitaji miaka mingi. Basi siku utakaposimama mbele ya mti wa namna hiyo na shoka mkononi, chungulia kwanza. Huenda mna mwenyewe ndani.