Je, Wajua? Damu ya Kyela ilifika The Lancet

Ukivuka daraja la Songwe kutoka Malawi hadi Kasumulu, uko Kyela, Tanzania, ardhi iliyoingia kwenye mojawapo ya majarida makongwe ya tiba duniani.

Mwaka 2016, Inge Kroidl na wenzake wa taasisi ya utafiti wa tiba NIMR, Mbeya, na wa Munich, Ujerumani, walichapisha katika The Lancet jambo lililodhaniwa kwa miaka mingi bila kuthibitishwa. Waliwafuatilia watu wa Kyela waliokuwa hawana VVU. Wenye minyoo ya matende walipata maambukizi takriban mara mbili ya wasio na minyoo hiyo. Vijana ndio walioathirika zaidi.

Minyoo hiyo huenezwa na mbu, lakini mbu hasambazi VVU, hilo lieleweke. Siri inadhaniwa kuwa kwenye chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4. Mnyoo akijichimbia kwenye mishipa ya limfu, mwili hukesha vitani, na chembe hizo hukaa macho. Virusi hupenda kuingia hasa kwenye chembe zilizoamshwa. Ni askari wanaomfungulia mwizi mlango!

Mnyoo mwenyewe ni mwembamba kama uzi. Jike hufika sentimita 10 hivi. Watoto wake hujificha mchana, kisha usiku wa manane hujaa damuni, saa ileile mbu wake anapouma.

Mwaka 2023 kundi hilo lilirudi na makala nyingine, katika jarida la Pathogens: hatari iliwaelemea wale ambao watoto wa minyoo walionekana damuni. Wengi wao hawana mguu uliovimba wala busha.