Fahamu: Kwa nini Kulwa ana mashavu na Doto hana?

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa kisha likagawanyika, kwa hiyo vinasaba vyao ni karibu vilevile. Mbona basi kwenye mzani wa kliniki Kulwa anamzidi pacha wake Doto, na mmoja analala fofofo huku mwenzake akikesha kulia?

Tofauti ya uzito mara nyingi huanzia kwenye kondo la nyuma. Takribani theluthi mbili ya mapacha hawa hutumia kondo moja, na mgawo si lazima uwe sawa. Kitovu cha mmoja kikishika pembeni mwa kondo, huenda chakula kikamfikia kidogo. Katika mimba 10 hadi 15 kati ya 100 za namna hiyo, mishipa iliyoungana humpunguzia mmoja damu na kumzidishia mwenzake, hatari kwa wote wawili. Ndiyo maana mimba hizi huhitaji altrasaundi za mara kwa mara.

Hata vinasaba havilingani kabisa: mwaka 2021 watafiti wa Iceland waliripoti wastani wa mabadiliko 5.2 yanayowatofautisha, yaliyotokea mimba ikiwa changa.

Tabia ni fumbo zaidi. Aliyezaliwa mdogo huenda akataka kunyonya mara nyingi, hivyo akaitwa msumbufu. (Majina haya hung'ang'ania, na sisi wazazi ndio tunaoyabandika.) Iwe tabia au uzito, kuwalinganisha wao kwa wao hakusaidii sana; tazama mstari wa ukuaji wa kila mmoja kwenye kadi yake ya kliniki. Mstari huo ukilala au kushuka, mwone mhudumu wa afya, hata kama pacha mwenziwe ananawiri.