Mashabiki wa michezo ya wanawake hupatikanaje?

Mwaka 2023, timu ya taifa ya Rwanda ya mpira wa kikapu ya wanawake ilifika nusu fainali ya mashindano ya Afrika, mbele ya mashabiki wa nyumbani katika ukumbi wa BK Arena, Kigali. Kwa wakazi wengi wa Rusizi, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, michezo ya aina hiyo hufika kwa redio, televisheni au simu. Hapo ndipo kilipo kiini cha suala: mtu hashabikii asichokiona wala kukisikia. Mechi isipotangazwa hukosa mashabiki. Bila mashabiki, wadhamini hawaji. Bila wadhamini, mishahara haipatikani. Hivyo msichana wa Kamembe mwenye kipaji hulazimika kuacha mchezo na kutafuta riziki kwingine.