NENO LIKIKATWA NUSU HUPOTOSHA

Katika mikutano yetu hapa Kisaki, watu hupenda kutaja maneno ya Mwalimu Nyerere. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi maneno hayo hutajwa nusu. Mengine hubadilishwa. Neno likibadilika, na maana hubadilika. Mtu anaweza kukosa haki yake, au mavuno yake, kwa sababu ya neno lililokatwa.

Wewe sasa unajua kusoma. Ukisikia neno la mtu mkubwa, jiulize maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: NENO ZIMA LINASEMAJE?

Umewahi kumsikia mtu akisema, "Mwalimu alisema fedha si kitu"? Hakusema hivyo.

Neno hilo linatoka katika Azimio la Arusha. Chama cha TANU kilitangaza Azimio hilo tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilieleza kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Fedha ni matokeo.

Maana yake ni hii. Fedha hailimi mpunga kando ya Mto Mgeta. Watu ndio wanaolima. Mpunga ukivunwa na kuuzwa, ndipo fedha inapatikana. Kwa hiyo fedha hiyo ni jasho lako. Je, jasho lako si kitu?

Azimio hilo hilo lilitaja vitu vinne vinavyohitajiwa ili tuendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Basi, mweka hazina wa kikundi akiulizwa mapato na matumizi, naye akajibu kwamba Mwalimu alisema fedha si kitu, mwambie hivi: "Ndugu, umekata neno. Umeacha uongozi bora. Tusomee hesabu."

Neno la kazi nalo hukatwa. Watu husema, "Azimio lilitaka kazi tu." Lakini Azimio lilitaja masharti mawili: juhudi na maarifa. Tena lilieleza maarifa ya mkulima ni yapi. Ni kuchagua mbegu bora. Ni kutumia mbolea. Ni kujua zao linalofaa katika udongo wako. Ni kujua wakati wa kupanda na wakati wa kupalilia.

Anayeshika juhudi akaacha maarifa hutoka jasho jingi, akavuna kidogo. Anayeshika maarifa akaacha juhudi havuni kitu. Yote mawili yaende pamoja, kama jembe na mpini.

Si maneno ya Mwalimu peke yake yanayokatwa. Wengi husema Biblia inafundisha kuwa fedha ni shina la mabaya. Fungua Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 6, mstari wa 10. Utaona kuwa linalolaumiwa ni kupenda fedha, si fedha yenyewe.

SWALI LA PILI: NANI ALISEMA?

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengine hudhani Mwalimu ndiye aliyelitunga neno hili. Sivyo. Ni methali ya wazee. Mwalimu aliitumia mwaka 1962 alipoandika habari za Ujamaa.

Wengine huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Mwalimu hakuitumia hivyo. Alitaka kuonyesha kwamba zamani kila mtu alifanya kazi. Hata mgeni aliweza kuomba jembe mwenyewe kabla ya kupewa.

SWALI LA TATU: ALISEMA LINI?

Kila mwaka tunasikia habari za Mwenge wa Uhuru. Wengi hudhani Mwalimu alisema maneno ya mwenge siku ya Uhuru, mwaka 1961. Kumbe aliyasema mapema, tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria. Wakati huo bado tulitawaliwa na Waingereza. Alisema tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro. Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge huo hadi kileleni.

Kwa nini mwaka una maana? Kwa sababu mtu aliye huru akizungumza habari ya matumaini, ni jambo la kawaida. Lakini Mwalimu aliahidi kuwapa wengine matumaini wakati nchi yake mwenyewe haijawa huru. Ukijua mwaka, unaona uzito wa neno.

Ndugu msomaji, zamani asiyejua kusoma alilazimika kuamini aliyoambiwa. Wewe hulazimiki tena. Mtu akikutajia neno la mkubwa ili unyamaze, usigombane naye. Mwombe kwa adabu akuonyeshe lilipoandikwa. Kisha lisome mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na jirani yako asiyejua kusoma, msomee.